Mwanamke Akifua, Nakala ya Nne

Dalali wa picha alikuja kung'olewa gego asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu, na hakutaka kuweka mzigo wake chini. Ulikuwa mzigo mpana, bapa, umefungwa kwa magazeti na kamba ya katani. Daktari wa meno alimwambia auweke juu ya meza ya vifaa, kisha apanue mdomo. Akapanua. Gego lilikuwa limeoza hadi mzizini, likatoka vipande viwili. Daktari alipogeuka kuvitia kwenye bakuli aliona maji yanatoka ndani ya mzigo, yanazunguka koleo na kudondoka sakafuni.

"Mzigo wako unavuja," alisema.

Dalali aliitikia kwa kichwa, pamba ikiwa mdomoni. Alipoweza kusema, alieleza kwamba ndiyo maana umerudishwa. Mteja aliyeununua alikuwa na zulia jipya. "Ni chapa, picha ya kuchapwa kwa ubao, ya yule Msanii mkubwa," alisema kwa ulimi uliokufa ganzi. "Kazi zake za mwanzo, alipokuwa hajulikani. Ni adimu kama jino la kuku, lakini zinasumbua. Za siku hizi hazina shida. Zimekauka kabisa."

Akafungua magazeti ili maji yapate kuisha. Ilikuwa picha ya wino mweusi kwenye karatasi nzito. Mwanamke ameinama juu ya beseni anafua, amempa mgongo mtazamaji. Mbele yake kuna mlango wa mbao uliofungwa kwa komeo. Mikono yake ilikuwa inakwenda, inasugua, na kila alipokamua nguo maji yaliruka nje ya karatasi. Pembeni mwa chini palikuwa na maandishi ya penseli: *Mwanamke Akifua*, nakala ya nne, na sahihi.

Daktari hakuangalia sahihi. Aliangalia kisogo. Mtoto anayebebwa mgongoni humjua mama yake kwa kisogo kabla hajamjua kwa uso, na yeye alibebwa muda mrefu kuliko watoto wengine kwa sababu alikuwa na kifua kibovu. Nywele zilikuwa zimegawanywa njia tatu. Chini ya nywele palikuwa na baka dogo lenye umbo la harage. Shavu lake lililikumbuka baka hilo upande wa kushoto, na kwenye picha lilikuwa kulia.

"Chapa hugeuza vitu," Dalali alimweleza. "Unachochonga kushoto kwenye ubao hutokea kulia kwenye karatasi. Unamfahamu?"

"Ni mama yangu," Daktari alisema, akamwandikia dawa ya maumivu.

Walimalizana hapohapo, gego kwa picha na kitu kidogo cha kuongezea. Dalali aliondoka ameshika shavu, akiwa mwepesi kama mtu aliyeozesha binti msumbufu.

Nyumbani, mume wa Daktari aliipokea picha mlangoni. Alikuwa fundi wa mafriji, na maji ya kuvuja hayakuwa jambo geni kwake. Aliigeuza, akapapasa mgongo wa fremu, akainusa. "Kila kinachovuja kina bomba," alisema. "Hiki hakina." Akaitundika ukumbini, na chini yake akaweka trei ya friji bovu. Maji yalikuwa ya sabuni, mazuri tu. Tangu siku hiyo hawakununua tena sabuni ya kupigia deki.

Shangazi aliyemlea Daktari alikuwa akiishi nao, katika chumba kinachotazama uani. Macho yake yalikuwa bado makali, miguu ndiyo iliyokuwa imestaafu. Walimleta na kiti chake hadi mbele ya picha. Akaitazama sana.

"Ndiye," alisema. "Hata anavyokamua nguo. Alikuwa akikamua kama anayenyonga mtu. Kumbe hakwenda mbali."

"Shangazi, uliniambia alitoroka na mwanamume."

"Nilisema nilivyoona. Alitoka asubuhi, akaniachia wewe, akaniambia, 'Wifi, kuna mchoraji anataka mtu wa kumchora, kazi ya siku moja, narudi jioni.' Jioni ikaja, yeye hakuja. Kesho yake nikaenda kwa huyo mchoraji, alikuwa na chumba juu ya duka la viatu. Akanijibu mlangoni, mikono imejaa wino, kwamba kazi imekwisha na mwanamke ameshaondoka. Sasa mwanamke mzima ameondoka, nyumbani hakufika. Mimi nifikirie nini? Nikasema ana miguu myepesi, na watu wakasema hivyohivyo."

"Basi sasa waambie watu kwamba si kweli."

"Watu gani, mwanangu? Wote niliowaambia wameshakufa. Nikayaambie makaburi?"

Akaomba kiti chake kirudishwe. Tangu siku hiyo alipokuja ukumbini alikaa ameipa picha mgongo, kwa hiyo wawili hao wakawa wamepeana mgongo, mmoja akifua na mwingine akisikiliza redio.

Daktari alikuwa na zaidi ya miaka hamsini. Utotoni alijifunza kutomtaja mama yake mbele ya watu, na ukubwani alijifunza kutomkumbuka akiwa peke yake. Sasa kila alipotoka kazini aliweka mkoba chini, akavuta kigoda na kukaa nyuma ya ule mgongo hadi chakula kiive. Alimweleza habari za siku, nani amekuja na jino gani, nani amelia kabla ya sindano. Mgongo haukusikia. Lakini wakati mwingine mwanamke alisita, akainua kichwa kidogo kama anayesikia mtu akiita nyumba ya jirani, kisha akaendelea kufua.

Asubuhi moja trei ilikuwa kavu. Ndani ya picha beseni lilikuwepo, nguo zilikuwemo, povu limetulia. Mwanamke hakuwepo.

Daktari alimpigia Dalali simu kabla hajavaa viatu.

"Amehamia nakala nyingine," Dalali alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza ratiba ya mabasi. "Ubao mmoja hutoa karatasi kadhaa, lakini mwanamke ni huyohuyo mmoja. Hawezi kufua nyumba zote kwa mpigo. Zile zinazobaki tupu wataalamu wanaziita kazi za upweke. Wameziandikia vitabu."

"Na nakala nyingine ziko wapi?"

"Ziko kila mahali, dada. Ndiyo tabu ya kitu kizuri."

Hivyo Daktari akawa mkusanyaji. Kulikuwa na picha tatu za zama zile, *Akifua*, *Akichana Nywele* na *Akishona*, kila moja ina nakala zake, zimetawanyika kama kuku walioona mwewe. Jaji mmoja alikuwa na *Akichana Nywele* bafuni, na akaiuza kwa furaha kwa sababu vitana vyake vilikuwa vinapotea. Hoteli moja iliweka *Akishona* stoo baada ya wageni kulalamika kwamba kuna mtu anahema. Mjane mmoja alikataa katakata kuuza. Alisema yule mwanamke humtembelea mara mojamoja, anakaa naye, na hata kama hageuki, mgongo wa mtu ni bora kuliko ukuta. Daktari hakumbembeleza. Alikunywa chai, akamkagua meno bure, akaondoka.

Gari liliuzwa. Likizo zote zikaishia kwenye nyumba za watu asiowajua. Wagonjwa walikuta mlango wa kliniki umefungwa, wakaenda kwa daktari wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa na mkono mzito. Mume hakukasirika, ila alilalamika kwa namna yake.

"Wenzangu wanagombana na wake zao kwa sababu mama mkwe kaja bila taarifa," alisema siku moja, akipigilia msumari mwingine. "Mimi wangu sijui hata yuko kwenye ukuta gani."

Kuta zilipojaa ndipo Daktari alipouelewa mwendo wa mama yake. Mwanamke alikuwa anapita nakala hadi nakala, na kila alipofika alifanya kazi aliyochongewa pale, kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza aondoke. Alikuwa anatafuta njia ya kurudi nyumbani. Lakini kila nakala ilipouzwa kwa mtu wa mbali, njia ilizidi kurefuka. Na kila nakala ilikuwa na mlango, na kila mlango ulikuwa na komeo.

Katika *Akishona* alikuwa anashona gauni la mtoto. Daktari alilipima kwa macho. Lingemtosha yeye, mwaka ule alioachwa. Sindano ilikuwa imechongwa ikiwa ndani ya kitambaa, kwa hiyo mwanamke alivuta uzi, akavuta, na pindo halikusogea.

Msanii alimpokea Daktari bila shida. Wakusanyaji aliwapenda. Alikuwa mzee sasa, msafi, mwenye kucha zilizokatwa vizuri, na chumba chake cha kazi kilikuwa na madirisha makubwa na watu wawili waliovaa glovu wakipanga karatasi. Jumba la makumbusho lilikuwa linaandaa maonyesho ya kazi za maisha yake yote.

"Wewe ndiye unayenunua zile za mwanzo," alisema. "Hongera. Wengi hawana subira nazo."

"Yule mwanamke ni mama yangu."

Msanii aliinamisha kichwa, akamtazama usoni, kisha akasogea upande ili amwone shingo.

"Naam," alisema. "Mabega ni yaleyale."

"Alikwambia ana mtoto?"

"Alisema kila siku. Alisema aliahidi kurudi jioni. Na kila aliposema hivyo mabega yalishuka vizuri sana, pande zote mbili sawasawa. Ndiyo mabega niliyokuwa nayatafuta. Bila yale ningekuwa bado naandika mabango ya maduka."

"Kwa nini hukumwacha aende?"

"Sikumfunga, mama. Nilimchonga tu. Nilikuwa sijamaliza." Alifikiri kidogo, kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa swali la kitaalamu. "Uso sikuuchonga kwa sababu ulikuwa unalia. Uso unaolia huvuruga picha."

Mmoja wa wale wenye glovu alileta chai. Daktari hakuigusa. Alimwomba Msanii achonge upya, aondoe komeo, achape karatasi moja tu.

"Mbao zote nimezikata msalaba kwa patasi, nakala zilipotimia. Ndiyo desturi ya soko, ili zisizidi. Na mkono wenyewe huu." Akauinua, ukatetemeka. "Halafu fikiri. Akitoka, mimi nina nini pale? Beseni na kiti."

Alimsindikiza hadi mlangoni, kwa adabu, akimshika kiwiko. Pale mlangoni akakumbuka kitu, akakisema kama anayetaja rafiki wa zamani.

"Mwanzoni komeo halikuwepo, unajua. Nilipoanza *Akifua* mlango ulikuwa wazi, sehemu ambayo sijaigusa kwa patasi, kwa hiyo ilitoka nyeusi tupu. Nilichapa karatasi moja ya majaribio, nikaona jicho la mtazamaji linakimbilia pale. Ndipo nikachonga mbao na komeo. Ile karatasi haina hata sahihi. Nilimpa mwenye duka la viatu afungie vitu vyake."

Duka la viatu lilikuwepo bado. Alikuwamo mtoto wa yule mwenye duka, mwanamume mnene mwenye misumari midogo mdomoni, anayesema bila kuitoa. Daktari alieleza anachokitafuta. Fundi viatu huyo hakuuliza sababu. Alivuta droo ya baba yake, iliyojaa violezo vya soli vilivyokatwa kwenye makaratasi ya kila aina, magazeti, kalenda, mifuko ya saruji.

"Baba hakutupa karatasi nzito," alisema. "Tafuta mwenyewe. Ila ukipata buibui, wa kwangu."

Aliikuta chini kabisa. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kona yake ilikuwa imekatwa soli ya kiatu cha mtoto. Hapakuwa na mwanamke ndani yake. Palikuwa na beseni lililoanza kuchongwa, ukuta, na mlango mweusi ulio wazi. Daktari alipoikunjua juu ya meza ya fundi, upepo ulitoka mle mlangoni ukapeperusha vumbi la ngozi.

"Chukua," fundi alisema, akishikilia karatasi zake nyingine zisiruke. "Chukua upesi. Na mlango uufunge huko nyumbani kwako, hapa kuna baridi."

Daktari aliitundika katikati ya nakala zote, usawa wa macho. Mume alisogeza trei zake kupisha. Siku zikapita. Dalali alipita kuangalia, akasema sokoni hiyo ingekuwa na thamani kuliko zote zilizobaki zikijumlishwa, kama isingekuwa ile soli. Daktari alikaa kwenye kigoda chake. Hakutaka kwenda kazini na hakutaka kula. Usiku alilala pale pale ukumbini, na mume akamfunika.

Alasiri moja, wakati Shangazi anasikiliza taarifa ya habari, maji yalisikika yakimwagika katika *Akifua*. Kisha yakanyamaza. Kitana kikaanguka katika *Akichana Nywele*. Katika *Akishona* uzi ulikatwa kwa meno, na Daktari aliusikia ukikatika. Halafu mwanamke akatokea ndani ya karatasi ya majaribio, kwa mara ya kwanza. Akauona mlango. Hakusita. Akaupita, na akawa amesimama ukumbini juu ya vigae, miguu imelowa, gauni la mtoto mkononi.

Akageuka.

Alikuwa kijana. Hilo Daktari hakuwa amelifikiria. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mashavu ya mviringo na macho mekundu ya mtu aliyelia kutwa nzima. Baka lilikuwa kushoto, mahali pake. Aliangaza macho chumbani, kwa fundi wa mafriji, kwa redio, kwa bibi kizee kwenye kiti, mwisho kwa mwanamke mwenye mvi aliyekaa kwenye kigoda. Akapiga magoti kidogo, kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, mama," alimwambia binti yake.

Daktari alifungua mdomo. Salamu ile aliitunza tangu utotoni ampe mtu mmoja tu, na sasa mtu huyo alikuwa amemtangulia.

"Marahaba," alijibu. "Marahaba, mwanangu."

"Samahani kuingia bila hodi. Nimechelewa. Nilimwacha mtoto wangu kwa wifi yangu, nikasema narudi jioni, na naona jua linashuka. Hamjamwona hapa? Msichana, mwembamba, ana kifua kibovu."

"Ni mimi," Daktari alisema.

Mwanamke alitabasamu kwa upole, tabasamu wanalopewa wazee wanaochanganya mambo. "Wangu ni mdogo, mama. Ndiyo kwanza jino la mbele linatikisika. Nilimwambia asilivute mpaka nirudi nimng'oe mimi, asiumie."

Mume alikwenda jikoni. Mwanamke alimgeukia Shangazi, akampa shikamoo naye, akamwita bibi. Shangazi alikuwa amemzidi miezi michache tu. Aliitikia marahaba, akapandisha sauti ya redio, na machozi yakamtiririka bila yeye kuyafuta.

"Mtoto yuko shule," Daktari alisema hatimaye. "Atarudi. Keti kwanza. Miguu imelowa."

Akaketi. Daktari akaleta taulo, akapiga magoti, akamfuta miguu, kidole baada ya kidole, na mwanamke akaona haya kufutwa miguu na mtu mzima. Alikula kama mtu ambaye hajala siku nyingi. Alisifu chumvi. Alipomaliza aliosha vyombo vyote, na walipomkataza alisema hawezi kukaa bure kwenye nyumba ya watu.

Maonyesho yalifunguliwa mwezi uliofuata. Nakala zote za zama za mwanzo, za makumbusho, za mjane, na hata zile Daktari alizokubali kuazima, zilitundikwa kwenye ukumbi mmoja mweupe. Zote zilikuwa tupu, beseni, kitana, kiti. Watu walisimama mbele ya picha hizo, wengine wakafuta macho. Gazeti liliandika kwamba hakuna aliyewahi kuchonga kutokuwepo kwa namna ile. Msanii alipewa nishani, akashukuru kwa maneno machache. Vibao vya chini ya picha havikubadilishwa. Viliendelea kusema *Mwanamke*.

Siku hizi mama wa Daktari anaishi nao. Amemaliza gauni, limepigwa pasi, linaning'inia kwenye msumari. Kila alasiri anatoka kwenda kukaa kwenye ngazi ya mbele kuwatazama watoto wanaotoka shule, mmojammoja, hadi wa mwisho. Wa mwisho akipita hulaumu walimu. Wamejaribu kumweleza, kwa picha za zamani, kwa kisa hiki na kile, naye husikiliza kwa heshima, kisha huuliza ni saa ngapi.

Daktari amepunguza wagonjwa. Alasiri hufunga kliniki na kuja kukaa naye ngazini. Jana watoto walipokwisha na barabara ikabaki tupu, mwanamke alimgeukia.

"Na wewe, mama? Kila siku nakuona hapa. Unamsubiri nani?"

"Namsubiri mama yangu," Daktari alisema.

Msichana alimtazama zile mvi kwa huruma, akahesabu kimoyomoyo, akaona si adabu kusema alichokipata. Akamshika mkono.

"Atakuja tu," alisema, akajisogeza pembeni ili wote wawili waione barabara vizuri.